Kibao Kilichopanda na Boya la Njano

Athumani, Mzigua wangu,

Sitakuuliza hali, na wala sitakuandikia kwamba huku sisi wazima, maana si wote. Naandika tu. Nimekaa juu ya tairi la lori hapa gereji, Korogwe, na kalamu hii nimeiazima kwa binti anayeuza vocha mlangoni. Ameniuliza naandika barua kwa nani wakati kila mtu ana simu. Nikamwambia kwa mtani wangu, yeye hana. Akacheka sana. Watu bado wanacheka, Athumani, na mimi bado nawachekesha, sijui nifanyeje kuacha.

Nimeacha kazi ya boti. Kapteni amenipigia mara tatu, mara ya mwisho na kile Kiswahili chake cha kuokota, akisema msimu umefika, bahari imetulia, kompresa ya kujazia mitungi ya wazamiaji haina mtu. Nilimwambia nimepata kazi. Ni kweli, nimepata, na kazi yenyewe ni kujaza matairi upepo. Mimi niliyekuwa nakuchanganyia oksijeni na heliamu kwa vipimo, nikipima na kupima tena mpaka unitukane, sasa namjazia upepo dereva wa lori la mbao kutoka Vugiri anayeniambia weka weka, usiogope. Ungekuwepo ungesema Mnyamwezi ameshushwa cheo, na ungekuja mpaka hapa kushuhudia kwa macho yako.

Nakumbuka siku ya kwanza ulipofika pale kwenye mkonge. Babu yangu aliletwa kutoka Tabora kuja kukata mkonge, hakurudi. Baba yangu akazaliwa kambini akawa mtu wa korona, ile mashine ya kukamua majani mpaka yatoke nyuzi. Na mimi nikakulia humo humo kwenye grisi na kelele, nikajua mota kabla sijajua kusoma vizuri. Wewe ulikuja kutoka Sindeni, kwenu Handeni kwenye shida ya maji, na begi moja, unatafuta kibarua. Mtu akakuambia yule pale ni Mnyamwezi. Hukuniamkia wala hukuniuliza jina. Ulikuja ukanipokonya chapati mkononi, ukaila yote ukinitazama, ukasema kodi ya kupita Uzigua babu zako hawakuilipa. Nilikaa na njaa mpaka jioni na nilikuwa nimepata rafiki. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za mizigo ya kichwani, na mimi nililijua hilo kwa kuambiwa na babu, lakini mtani wa kwangu mwenyewe, wa kunilia chapati, sikuwa naye mpaka siku ile.

Na nilikulipa. Ulipoondoka kwenda Tanga kubeba mitungi ya wazamiaji, kisha tukasikia eti na wewe unazamia, nilitangaza kambi nzima kwamba Handeni maji yamewashinda kabisa, sasa Mzigua ameamua kuyafuata mpaka chini ya bahari na ndoo yake. Ulijifunza kuogelea kwenye lambo la Kang'ata, kwa baba yako mdogo, maji ya ng'ombe yenye rangi ya chai ya maziwa. Nani angeamini. Kisha ukaniita. Ulimwambia Kapteni kwamba kuna Mnyamwezi mmoja huko Korogwe, mchafu, mbishi, lakini kompresa zote zinamtii. Nikaja. Kila nilichokula kwa miaka ile minne kilitoka kwenye maneno yako hayo.

Mimi sikuwahi kuiona ile meli. Nimeiona kwa mdomo wako tu. Meli ya vita vya Hitla, imelala ubavu, chini zaidi ya mita themanini, mahali ambapo wewe mwenyewe ulisema jua linafika limechoka. Wageni walikuja kuipiga picha na kuichora, nawe ulikuwa mtu wao wa kamba, wa kushuka mbele na kupanda nyuma. Ulinisimulia malori yaliyopangwa tumboni mwa meli, matairi yake yameliwa, usukani mzima. Uliingia kwenye moja ukashika usukani ukapiga honi kwa mdomo, mapovu yakakutoka, mgeni akakutolea macho. Ulinisimulia pia buti. Buti la askari, kamba zake zimefungwa vizuri, fundo juu, na ndani hakuna mguu. Hilo hukulisimulia kwa kucheka. Ulisema ulilitazama ukarudi nyuma na hukuligusa, na tangu siku ile kabla ya kushuka ulikuwa unasoma dua kwanza, kwa sauti, hata wageni wakazoea kukusubiri.

Kushuka kwenyewe kulikuwa dakika chache. Kupanda ndiko kulikuwa kazi, saa tatu na zaidi, unasimama kituo baada ya kituo, hapa dakika tano, hapa kumi, mpaka kile cha mwisho cha mita sita ambapo ulikaa saa nzima unavuta oksijeni tupu ili damu ijisafishe. Mama yako aliponiuliza kwa nini usipande moja kwa moja kama mtu mwenye akili, nilimwonyesha kwa soda. Niliitikisa, nikaifungua ghafla, ikamwagika yote mezani. Nikamwambia damu ya mzamiaji aliyetoka chini ni hiyo, mama, inataka kufunguliwa polepole. Aliniangalia, akaniambia nifute meza yake. Hakuniuliza tena.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Nimelizunguka ukurasa mzima, na wewe umeshaona.

Kanuni ilikuwa moja na mtoto angeielewa. Mzamiaji akifika kwenye vituo vya juu anarusha boya lake lenye kamba, tujue alipo. Boya la rangi ya chungwa, yuko salama. Boya la njano, ana shida, na kwenye kamba atafunga kibao cha plastiki alichoandika kwa penseli anachohitaji. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama maboya, kuvuta kibao, kusoma, kushusha mtungi. Mtungi wa akiba ulikaa miguuni pangu, umefunguliwa, umepimwa. Kuushusha ni dakika moja.

Nawe, Athumani, siku moja ukarusha la njano. Nikavuta kibao, kimeandikwa NAKUFA. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilishusha mtungi, mzamiaji wa akiba akaruka na suruali yake ya kutembelea, Kapteni akapindua kikapu cha chakula. Yule mzamiaji akakukuta umening'inia pale umekunja miguu kama uko kwenye mkeka. Akaja juu akaniambia nikigeuze kibao kile kile. Nyuma umeandika KWA NJAA.

Kapteni alitaka kutufukuza wote wawili, wewe kwa kufanya na mimi kwa kucheka. Maana nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alituweka mbele yake kama watoto wa darasa la tatu akasema njano si mchezo. Tukaitikia ndiyo bosi. Jioni ile ile nikakutilia chumvi kwenye chai, nawe ukainywa yote bila kukunja uso, ukasema tuko sare. Nikakuambia hatuko sare. Nikakuapia kwamba hutanipata tena, Mzigua, hata uandike kwa damu. Hayo ni maneno yangu. Niliyasema nikiwa nimeshika kikombe.

Siku yenyewe mzamiaji wa akiba alikuwa na sikio bovu, hakuja. Mlishuka watatu, wewe na wageni wawili. Kamba ya nanga ikanasa kwenye mlingoti wa meli, na wewe ukabaki nyuma kuinasua, kwa hiyo deni lako la vituo likawa refu kuliko la wenzako. Wao walipopanda botini wewe ulikuwa ndio kwanza unaanza kituo cha mwisho. Bahari ilikuwa shwari, mchana mweupe. Mita sita, Athumani. Paa la korona lina mita sita. Nikiegemea ukingo nilikuwa naona mapovu yako yakipasuka, na nikikaza macho nilikuwa naona kitu cheusi chini, ni wewe.

Boya la njano likaruka.

Nakumbuka nilitabasamu. Nilivuta kibao taratibu. Kimeandikwa MTUNGI. HARAKA. OKSIJENI IMEKATA. Nikakigeuza kutafuta upande wa pili. Upande wa pili haukuwa na kitu. Nikageuza tena, nikageuza tena, nikajiambia huyu safari hii kaacha nyuma patupu makusudi ili anipate vizuri. Unaelewa? Hata ule utupu niliuhesabu kuwa utani. Kapteni alikuwa mbele ya boti anamvua mgeni mmoja mitungi, akaliona boya, akauliza njano? Nikamjibu utani, bosi. Akauliza una uhakika? Nikasema nina uhakika, huyu namjua.

Kisha nikachukua penseli. Nikafuta maneno yako kwa kidole gumba, nikaandika yangu: KUNYWA MAJI HAYO, HANDENI HAMNA. Nikafunga kibao kwenye kamba na jiwe lake, nikakiachia kikaenda. Na nikacheka. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, nikikiangalia kile kitu cheusi chini.

Sijui ni dakika ngapi. Nne, sita. Kapteni baadaye alisema kile kifaa cha kuwekwa mdomoni kilikuwa kimevunjika kipande kidogo ndani, na inaonekana ulihangaika nacho kwanza mwenyewe, ukavuta masalia ya mitungi mingine, ndipo ukarusha boya. Yaani ulipoandika haraka ulikuwa umeshamaliza subira yote. Mapovu yakawa machache. Nikaona yamekuwa machache, nikajiambia anabana pumzi, huyu hodari. Kisha hayakuwepo. Hapo ndipo mwili wangu ulipojua, kabla ya kichwa. Nilikuwa nimeushika mtungi tayari, nimeuinua, wewe ulipotokea pembeni ya boti.

Ulivua barakoa. Midomo yako ilikuwa ya buluu. Ukaniangalia ukasema, Paulo.

Miaka yote tuliyokaa pamoja hukuwahi kuniita hivyo. Nilikuwa Mnyamwezi, nilikuwa mpagazi, nilikuwa mla panya, mbele ya wageni, mbele ya mama yako, hata ulipolazwa na malaria ukiwa huna nguvu. Sikujua kama jina langu unalijua vizuri. Ulilisema mara moja tu na hukusema lingine la kueleweka.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maumivu yalikuwa yako. Tulikulaza, tukakuwekea oksijeni, ile ile, ilikuwepo tele, ilikuwa miguuni pangu. Miguu yako ikafa kwanza. Ulinionyesha kwa mkono kwamba huisikii, nikaifinya, nikaifinya kwa nguvu nikitaka upige kelele. Pipa la chuma la kumlaza mzamiaji aliyepanda vibaya lilikuwa ng'ambo, mbali, na boti ilikwenda kadiri ilivyoweza. Hakuna aliyezembea isipokuwa mimi. Nilikuwa nimekushika kichwa. Ulipoacha kupumua sikumwambia mtu, nikaendelea kukuwekea ile barakoa ya oksijeni puani, mpaka Kapteni alipokuja kuniondoa vidole kimoja kimoja.

Kabla hatujafunga safari nilivuta ile kamba. Kibao kilikuwa pale pale nilipokiachia, maandishi yangu yote yapo, hujaongeza kitu. Sijui kama ulikisoma. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Kama ulikuwa umefumba macho kutunza pumzi, hukukisoma. Kama ulikuwa unatazama kamba ukisubiri mtungi, na mtu anayesubiri mtungi anatazama kamba, basi uliona kitu kinashuka, ukakipokea. Na kitu chenyewe ni kile. Nikakifuta kwa kiganja na maji ya chumvi. Nilikifuta, Athumani, siwezi kusema mkono ulijifuta wenyewe. Hakuna mwingine aliyekisoma.

Tulikuleta Sindeni. Ukaoshwa, ukavikwa sanda, ukasaliwa, watu walijaa mpaka kwenye mihogo ya jirani. Mimi nilikaa nyuma kabisa na watu wa kambini. Nilidhani nitasahaulika. Lakini wewe unajua kwenu. Jeneza lilipotaka kutoka, sauti zikaanza, Mnyamwezi wetu yuko wapi, mtani yuko wapi, huyu anazikwaje na mtani amejificha? Wanakumbuka nilivyofanya kwenye maziko ya mjomba wako, nilivyoficha jembe na kulikalia, nikagoma mpaka niletewe jogoo, na nilivyomwigiza mjomba anavyotafuta miwani wakati ameivaa, hata shangazi zako waliokuwa wamezimia kwa kulia wakainuka wakicheka. Walikuwa wananisubiri nifanye vile.

Nikatikisa kichwa. Mama yako akaja mwenyewe, amejifunga kanga mbili, akanishika mkono. Akasema, mbona humtanii mwanangu? Anaondoka kama mtu asiye na watu.

Nikafanya. Mungu anisamehe, nilifanya, na nilifanya vizuri. Nilitembea uwanjani kama unavyotembea na viatu vya kuogelea, kisigino mbele, tumbo nje, kama bata wa harusi. Nilipiga honi ya lile lori la chini ya bahari. Nilikaa juu ya udongo wa kaburi lako nikasema hafukiwi mtu hapa mpaka Wazigua mniletee maji ya kunywa, na kama hamna semeni. Watu wakacheka wakilia. Baba yako mdogo akanipigia kelele, tupe na ya huko majini! Nami nikawasimulia NAKUFA na KWA NJAA. Yote, na kikapu cha Kapteni, na suruali ya yule mzamiaji. Kicheko kilichotoka pale sijakisikia kwenye msiba wowote. Mama yako alikuwa amejishika mbavu. Nikakomea hapo. Nilisimulia boya la kwanza nikanyamazia la pili, wewe ukiwa hatua tatu kutoka kwangu, na wote wakasema huyu ndiye mtani.

Tangu siku hiyo nyumba yenu imenifanya mtoto. Mama yako anatuma mahindi mabichi, anatuma mbaazi, ananipigia simu kuuliza kama nimekula. Kila mgeni anayefika kuhani anaambiwa, Paulo ndiye aliyekuwa naye mpaka pumzi ya mwisho. Nayapokea mahindi. Siku nyingine siwezi kuyala, nawapa mafundi wenzangu. Arobaini yako nilichinja mbuzi kwa mikono hii, Mkristo mimi, mpaka shehe akaja kuninyang'anya kisu akasema kijana mapenzi yako tumeyaona lakini hatutakula.

Nilianza na Kapteni, nikidhani ni rahisi. Nilimwandikia kwenye simu kila kitu, neno kwa neno. Baada ya siku mbili akajibu kwamba kifaa ndicho kilichovunjika, kwamba yeye aliliona boya la njano kwa macho yake, akaniuliza, akakubali jibu, kwa hiyo kosa ni lake kwanza. Akasema nirudi kazini. Nilitaka mtu anitukane, Athumani. Yeye akanigawia kosa kama mkate.

Basi Jumapili iliyopita nikaenda Sindeni. Nilimkuta mama yako uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda na beseni nimsaidie. Nikapukuchua kama magunzi matatu. Kisha nikamwambia. Nilimwambia boya, nikamwambia kibao, nikamwambia nilivyokigeuza, na nilichoandika. Na kwamba nilikifuta.

Hakuacha kupukuchua. Aliniuliza, ulicheka? Nikasema nilicheka. Kwa sauti? Nikasema kwa sauti, mama. Akauliza, mtu akiwa kule chini anasikia kicheko cha mtu wa juu? Nilikuwa na majibu ya kitaalamu. Miaka minne nimekaa na wazamiaji. Nikaona mdomo wangu unataka kumwambia hapana, hasikii kitu. Nikamwambia sijui.

Akatazama mahindi. Akasema, sasa wewe ni mtani, nikukasirikie vipi?

Hakusema kwa wema, wala kwa ukali. Alisema kama mtu anayetafuta chombo alichokuwa na uhakika kiko hapo, hakioni. Alijaribu, nilimwona. Uso ulikwenda mahali ukarudi. Mtani anakula chakula chako unanyamaza, anakutukania marehemu wako unacheka. Ndivyo alivyolelewa, na mama yake, na bibi yake, na hasira dhidi yangu hawakumpa. Niliona mwanamke aliyefiwa na mtoto anatafuta pa kuweka mkono hapaoni. Hapo nikajua nilichomnyima. Kwako nilichelewesha mtungi, na yeye nimemwacha bila mtu wa kumlaumu. Nikataka kumwambia mama nipige. Sikusema, maana hata hilo angeliona ni utani.

Akainuka akaingia ndani akafunga mlango. Saa nne asubuhi, Athumani, kwenu, ambako mlango unafungwa mvua ikinyesha tu. Nilikaa pale nikamaliza yale mahindi yote. Kuku wakaja, nikawafukuza, wakaja tena. Adhana ya adhuhuri ikalia, hakutoka. Baba yako mdogo akapita, akaniuliza kwa furaha, Mnyamwezi, leo umeolewa humu? Nikajaribu kumjibu, nikalia. Akakaa kwenye kigoda cha mama yako mpaka nikamaliza, kisha akasema twende, dogo, nikupeleke barabarani.

Tangu hapo hajapiga simu. Sijui kama amekula. Mimi ndiye ninayejiuliza sasa, na siwezi kupiga.

Ningependa nikuombe msamaha, na nimeshauandika mara mbili kwenye karatasi hii nikaukata. Najua utakachosema. Ungecheka, ungesema kodi ya babu zako imelipwa, tuko sare. Ndiyo maana sikuombi. Wewe ni mtani wangu, ungenisamehe hata kama hutaki, na mimi nisingejua.

Wino unafifia na yule binti anataka kalamu yake. Basi nikuage hivi. Lala salama, ndugu yangu, kwenye udongo mkavu wa kwenu, mahali ambapo hakuna kituo cha kusubiri. Jumapili nitakwenda tena Sindeni. Nimekuwa nikiingia uani kwenu bila kubisha hodi, haki ya mtani. Safari hii nitabisha, nitasimama nje, nitangoja kama mtu baki. Asipofungua nitarudi Jumapili inayofuata, na nyingine. Sitapeleka mzaha wowote, sitamchekesha hata akiniomba. Nakuahidi nitakwenda mpaka siku mama yako atakapofungua ule mlango, anitazame usoni, aniambie kwa hasira yake yote, wewe ndiye uliyemuua mwanangu. Nami nitamjibu, ndiyo, mama, ni mimi.

Paulo